Swali Lililotangulia

Sura ya Tisa

Jalada lilikuwa zuri mno, na uzuri huo ndio ulioanza kumkera Inspekta Bulugu.

Alikuwa amelisoma mara tatu tangu chai ya asubuhi. Mashahidi sita, wote wanawake wa foleni ya maji pale Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi, na wote sita walisema walimwona Felisiani, fundi cherehani, akipanda kutoka kwenye mashimo ya matofali. Ilikuwa asubuhi ile ya ukungu ambapo Nimpaye, kiongozi wa mtaa wao, alikutwa shimoni amepasuliwa kichwa kwa mpini wa jembe. Turubai la bluu mabegani, mwendo wa haraka, wala hakusalimu mtu. Walihojiwa kwa siku tatu tofauti, lakini ukiyafunika majina yao kwa kiganja, huwezi kujua maelezo haya ni ya nani na yale ni ya nani.

Kesi ya namna hii polisi huiombea dua. Leo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu gari lingempeleka Felisiani mahakamani akasomewe shitaka la kuua kwa kukusudia, na kutoka hapo gerezani kusubiri Mahakama Kuu. Adhabu ya shitaka hilo ni kitanzi, na kambi nzima ilijua. Claudia, mke wa Felisiani, alijua kuliko wote. Kwa siku tisa alikuwa akija kukaa kwenye jiwe mbele ya kituo, utepe wa mumewe wa kupimia nguo ukiwa shingoni mwake, hasemi neno, anamtazama kila askari anayetoka mlangoni.

Bulugu alikuwa Msukuma wa Geita, mwaka wa tatu sasa akiwa kituo cha kambini, na Kirundi chake kiliishia kwenye salamu. Maneno ya wakimbizi yote yalimfikia kupitia mdomo wa mtu mmoja, Mwalimu Jean Paul. Huyu alikuwa akifundisha fizikia chuo kikuu kule Bujumbura kabla vita havijamtoa mbio. Sasa alifundisha hesabu kwenye shule ya maturubai, na akawa mkalimani wa polisi kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya makonstebo. Walikuwa wamezoeana hadi kula sahani moja. Mwalimu alipougua malaria kali katikati ya upelelezi huu, Bulugu mwenyewe ndiye aliyemlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi na kumkimbiza hospitali.

Na ni Jean Paul aliyemtia wazimu wa maswali.

Hiyo ilikuwa Februari, mvua ikigonga bati la kituo. Mwalimu alichora duara kwa chaki kwenye meza ya ushahidi na kumweleza kwamba kwenye vitu vidogo kabisa, vidogo kuliko vumbi, jibu la kipimo halikai mahali likikungoja uje kulichukua. Kipimo chenyewe kinashiriki kulitengeneza. Ukipima hili kwanza halafu lile, utapata jibu moja. Ukigeuza mpangilio, utapata jingine.

"Na akili ya mtu?" Bulugu alimuuliza, akidhani anatania.

"Mimi sisemi kichwani mwako mna chembe hizo, afande. Nasema hesabu zinafanana. Mtu hana jibu tayari kwa kila swali. Swali la kwanza linamgeuza, na la pili linamkuta ameshageuka."

Kesho yake akamwonyesha darasani. Nusu ya wanafunzi aliwauliza kwanza, je, jirani yako ni mtu mwema? Kisha, je, aliwahi kukunyima kijinga cha moto? Nusu nyingine akawageuzia. Walioanza na wema, karibu wote walisema jirani ni mwema. Walioanza na moto, zaidi ya nusu waligundua ghafla kwamba jirani yao ni mtu mbaya. Bulugu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa juma zima akawasumbua askari wake kwa mchezo huo.

Jambo la pili alilomfundisha lilikuwa kavu zaidi, na siku ile halikumchekesha. Habari, alisema mwalimu, hupimwa kwa mshangao. Mtu akikwambia unachokijua hajakupa kitu. Watu sita wakikwambia jambo lile lile kwa namna ile ile, usihesabu sita. Tafuta yule mmoja waliyelitoa kwake.

Bulugu aliyafunika maelezo sita kwa kiganja, akainua kiganja, akafunika tena. Kisha akafungua droo na kutoa karatasi ya saba, ambayo hakuwa ameiweka kwenye jalada.

Ilikuwa ya Keza, mjane wa umri wa miaka sitini hivi. Alihojiwa siku ile mwalimu alipokuwa kitandani hospitali, na ukalimani ulifanywa na Restituta, mama wa Kihangaza kutoka Nyamiaga aliyekuwa akiwapikia askari chai. Maelezo yalikuwa mafupi. "Mtu yule alijifunika turubai la bluu kichwani. Sikumwona uso. Miguu yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye vifundo, kama amekanyaga unga." Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, Bulugu alikuwa ameandika: *Macho mabovu. Ilikuwa siku ya mgao, unga. Hafai.*

Alilitazama lile neno la mwisho, uso ukamwaka moto. Kisha akatoka nje, nyuma ya kituo, ambako Restituta alikuwa akipepea jiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chai bado, baba. Kuni zenyewe ndizo hizi wanazotuletea, moshi mtupu."

"Sikuja kwa chai. Siku ile ya Keza, ulimuuliza nini kwanza?"

Restituta aliacha kupepea. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Nieleze tu."

"Nilimuuliza kama ulivyosema wewe. Kwanza, nani alitoka mashimoni. Akajibu. Halafu, alivaa nini. Halafu, nani alikuwa na ugomvi na marehemu. Mimi si msomi, baba, naogopa kuchanganya."

"Na mwalimu? Wewe ulikuwa unaingia na kutoka na vikombe. Kirundi unakisikia."

"Kirundi na Kihangaza ni watoto wa mama mmoja. Namsikia vizuri tu."

"Yeye alikuwa akianzaje?"

"Mwalimu huanza na ugomvi." Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya gulio. "Kila mmoja. Kwanza, nani aligombana na Nimpaye? Hapo wote wanasema Felisiani, kwani nani asiyejua? Alipoambiwa atoe cherehani barabarani, si alipiga kelele mpaka watu wakatoka ndani? Wanakaa wanalizungumza hilo, wanacheka, wanasikitika. Halafu anawauliza, mtu wa asubuhi ile alivaa nini? Turubai la bluu. Halafu mwishoni, haya mama, mtu huyo ulimwona ni nani?"

"Na hakuna swali lake mwenyewe aliloongeza?"

"Hakuna. Ni yako yote matatu."

"Mbona hukuniambia?"

Restituta alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikwambie nini, baba? Kwamba mwalimu anatafsiri vizuri?"

Bulugu alirudi mezani akiwa hana hamu ya chai. Kosa lilikuwa la kwake, na alilijua lilivyotokea. Maelezo ya polisi huandikwa mfululizo, kana kwamba shahidi aliamka tu akaanza kusema, maswali hayaandikwi. Na ili kuokoa muda, yeye alikuwa akimpa mwalimu maswali yote matatu kwa mkupuo, kisha anaegemea kiti na kusikiliza Kirundi kikipita kama maji bombani. Mwalimu akimrudishia majibu, Bulugu anayapanga kwa utaratibu wake wa kipolisi: alimwona nani, alivaa nini, sababu ni ipi. Kalamu yake mwenyewe ndiyo iliyofuta nyayo.

Alimwita mmoja wa wale sita, wa kwanza kwenye orodha, akamwambia Restituta aulize upya, safari hii kwa mpangilio unaofaa. Haikusaidia kitu. Mama yule sasa alimkumbuka Felisiani kuliko mwanzo. Siku ya kwanza alikuwa amemwona ubavuni. Leo alimwona usoni, akaliona hata jino lake lililovunjika. Hakuwa akidanganya. Alilia alipokuwa akisema, kwa sababu Felisiani ndiye aliyemshonea nguo ya kipaimara mwanawe. Swali lilikuwa limeshaulizwa, na hapakuwa na namna ya kulirudisha mdomoni mwa aliyeuliza.

Alibaki na Keza, shahidi aliyemtupa mwenyewe.

Ghala la mgao lilikuwa mwendo wa robo saa. Yohanes, mtunza ghala, mtu wa Nyamigogo mwenye sauti ya mnada, alikutwa akifunga milango.

"Siku aliyouawa Nimpaye," Bulugu alisema, "mligawa unga kiasi gani?"

"Unga?" Yohanes alicheka. "Afande, umesahau makelele yale? Malori ya unga yalikwama njiani majuma mawili. Tuligawa mahindi ya punje. Kambi nzima ilinitukana mimi, utadhani mimi ndiye niliyeyakwamisha."

"Hapakuwa na unga kabisa?"

"Hata wa kumpaka mtoto puani."

Bulugu alisimama pale barabarani akaitazama miguu yake. Viatu, soksi, pindo za suruali, vyote vilikuwa vyekundu. Lukole yote ni udongo mwekundu. Ukitembea hatua mia unafanana na barabara. Kulikuwa na mahali pamoja tu kambini ambapo miguu ingeweza kuwa myeupe mpaka vifundoni, na yeye alikuwa amepasifu kwa mdomo wake, akiwa amesimama na Jean Paul kivulini: "Mwalimu, shule yako inang'aa."

Shule ilikuwa imepakwa chokaa mwezi ule, kuta za vyoo na mawe ya njia, kwa ajili ya wageni. Aliyepaka alikuwa Niyonzima, mdogo wake Jean Paul, kijana mkimya wa miaka ishirini na mitano aliyefanya kazi peku, alfajiri, ili chokaa ikauke kabla wanafunzi hawajafika. Bulugu alikuwa amekula naye maharage mara kadhaa. Siku mbili baada ya mauaji mwalimu alimwambia kwamba Niyonzima amekwenda kwa shangazi yao Kigoma. Bulugu alikuwa amejibu, mwambie atuletee dagaa.

Hakumchukua askari. Alikwenda peke yake, kwa mguu, na njiani kote alikuwa akiomba awe amekosea. Si jambo la kiaskari, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jean Paul alikuwa peke yake darasani, akiandika hesabu za Jumatatu ubaoni. Bado alikuwa amekonda kwa malaria. Alipomwona, alitabasamu na kumsogezea benchi.

"Karibu, afande. Jalada limekamilika?"

"Limekamilika." Bulugu hakukaa. "Mwalimu, uliwauliza nini kwanza?"

Chaki ilisimama. Jean Paul hakugeuka mara moja. Alimalizia kuandika namba aliyokuwa ameianza, akaiweka chaki kwenye kikopo, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Restituta," alisema.

"Restituta hajui kwamba ameniambia kitu."

"Sikutafsiri vibaya hata neno moja, afande. Mchukue mkalimani yeyote, ayapekue atakavyo. Maswali ni yako. Majibu ni yao."

"Najua."

"Na mpangilio, wewe mwenyewe uliniambia. Siku ya kwanza. Uliza utakavyo, mwalimu, mimi nataka majibu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu ni kweli alilisema, tena akicheka. Bulugu alihisi hasira ikipanda, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyouma zaidi.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulinifundisha? Duara, chembe, majirani na moto? Ulikuwa unanifuga?"

"Hapana!" Kwa mara ya kwanza sauti ya mwalimu ilipanda. "Nilikufundisha Februari. Nimpaye amekufa Aprili. Nilikufundisha kwa sababu kambini humu mna watu elfu sabini, na wewe peke yako ulitaka kujua. Hilo usininyang'anye."

"Na Aprili?"

Jean Paul alikaa kwenye benchi alilomsogezea mgeni wake.

"Yule mama wa kwanza, sikuwa na hakika mbinu ingefaulu. Nilijiambia naiangalia tu, kama darasani. Nikauliza ugomvi kwanza. Akamtaja Felisiani. Nikafika kwenye swali la mwisho, na nikaona macho yake yakibadilika, afande. Nilimwona akikumbuka kitu ambacho hakukiona."

"Na ilipofaulu?"

"Nikamwita wa pili."

Nje, kengele ya kanisa la maturubai ililia kuwaita wanakwaya. Bulugu alingoja inyamaze.

"Kwa nini Niyonzima alimuua?"

"Nimpaye aligundua kwamba anaandikisha vijana kuwarudisha kule, msituni, kupigana. Alimpa siku tatu aache, la sivyo angempeleka kwa mkuu wa kambi. Mdogo wangu alirudi nyumbani asubuhi ile akanawa miguu kwenye beseni langu. Maji yakawa meupe, halafu yakawa na rangi nyingine. Nilikuwa na ndugu saba, afande. Amebaki huyo."

"Felisiani naye ana mke, yuko pale kituoni juu ya jiwe. Unampita kila siku ukija kazini."

"Nampita."

"Unamsalimu?"

Mwalimu alijipangusa vumbi la chaki gotini.

"Nilikubeba mgongoni kukuingiza kwenye gari," Bulugu alisema. Hakupanga kulisema. "Ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba meno yalikuwa yanagongana, na mimi nilikuwa namwomba Mungu usife. Na kwenye droo yangu wakati huo kulikuwa na maelezo manne ya kumnyonga mtu, yote ya kwako."

"Nilidhani Mahakama Kuu ingeyatupa. Ushahidi wa ukungu..."

"Ulidhani?"

"Hapana," Jean Paul alisema. "Nilitaka kudhani."

"Niyonzima yuko wapi?"

"Hilo liulize kwanza, liulize mwisho, jibu langu halitabadilika."

Bulugu aliona kwamba anasema kweli, na kwamba hiyo ilikuwa kweli ya kwanza kati yao tangu Aprili. Alimwamuru asimame. Hakumfunga pingu. Walitembea pamoja mpaka kituoni, wakipita mbele ya mabomba ya maji, na wanawake wa foleni wakawaamkia wote wawili kwa heshima ile ile ya siku zote.

Claudia alikuwa kwenye jiwe lake. Jean Paul alipunguza mwendo, kisha akampita.

Maelezo ya mwalimu yalichukua saa mbili. Restituta aliitwa akae pembeni, ingawa yote yalisemwa kwa Kiswahili. Bulugu alitaka sikio la pili chumbani. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita ya kazi aliandika swali kabla ya jibu, kila swali, kwa namba, karatasi ikawa ndefu na mbaya, kinyume cha utaratibu wote aliofundishwa chuoni. Ofisa wa wilaya angemfokea. Alipomaliza aliyachukua yale maelezo sita mazuri akayapiga mstari mmoja mmoja, akaandika chini, *Yameharibika. Kosa ni la mpelelezi*, akatia sahihi. Kisha akaipachika karatasi ya Keza juu ya jalada, na kutuma ujumbe kwa redio kwamba Niyonzima atafutwe kuanzia Kigoma.

Alichukua funguo za mahabusu.

"Njoo, mama," alimwambia Restituta. "Mwambie kwa lugha ambayo haitamchanganya."

Felisiani alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Siku tisa zilikuwa zimemla. Kwa siku tano za kwanza alikuwa akiapa kwa jina la watoto wake kwamba asubuhi ile alikuwa nyumbani, cherehani ikiwa imelegea mkanda. Siku ya sita, Jean Paul akitafsiri, alisema labda alitoka kidogo. Alhamisi alisema huenda alipita njia ya mashimo, hakumbuki vizuri. Bulugu alikuwa ameyaandika yote hayo kwa furaha, chini ya kichwa cha habari kisemacho *Mtuhumiwa anaanza kulainika*.

Alifungua mlango mpaka mwisho. "Mwambie yuko huru. Mwambie tumejua ni nani, si yeye. Mkewe yuko nje."

Restituta aliinama akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Felisiani alisikiliza. Hakusimama. Alivitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena upande wa ndani. Kisha akasema maneno machache, na Restituta akajifunika mdomo kwa mkono.

"Anasemaje?"

Restituta alikuwa bado akimtazama Felisiani.

"Mama. Anasemaje?"

"Anauliza," alisema, akainuka kumtazama Bulugu. "Anauliza kama una hakika kwamba si yeye."